Shemeji Hataki Tangi la Karantini Liwe na Bomba Lake

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijampasua mtu kichwa kwa kipande cha bomba, na nikisema mtu namaanisha shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, ambaye nyumba nzima inamwita Mteremko kwa sababu ni fundi bomba na kila mazungumzo, hata yawe ya msiba, lazima ayamalize kwa kusema maji hufuata mteremko. Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi, kwa hiyo nikirukaruka nivumilie.

Kazi yangu ni kufuga samaki wa mapambo na kuotesha mimea ya majini, yale majani unayoyaona ndani ya matangi ya vioo kwenye zahanati na ofisi za watu, wengi hudhani ni plastiki, si plastiki, ni mimea hai na inadeka kuliko mtoto mchanga, na mimi naifanyia kazi chumba cha nyuma, pale karibu na jikoni palipokuwa stoo, nina matangi sita juu ya fremu ya chuma na miaka yote hii nabadilisha maji kwa ndoo na mpira, nauvuta mpira kwa mdomo mpaka nameza maji ya samaki, mgongo umekwisha, magoti yamekwisha, ndipo nikasema basi, safari hii tunaweka mabomba, pampu ipandishe maji na maji yateremke yenyewe, na mimi nikae kama watu wengine.

Sasa mpango wangu ulikuwa hivi, na naomba unisikilize vizuri maana hapa ndipo ugomvi ulipozaliwa. Matangi matano yaungane, chini yake liwe tangi kubwa moja la chujio, maji yatoke kule yapande kwa pampu na kurudi kwa bomba la kuteremshia, na kila tangi liwe na koki yake ya kuingizia na ya kutolea, ili moja likiharibika nalifunga bila kugusa mengine. La sita, lile lililo karibu na mlango wa nyuma, lisiunganishwe na kitu chochote kabisa, liwe na pampu yake ndogo, chujio lake, na bomba lake linalotoboa ukuta na kumwaga maji nje moja kwa moja, kwa sababu hilo ni la karantini. Samaki mgeni akija hujui katoka na nini huko, anakaa humo kwanza wiki kadhaa, akiwa mzima namhamishia kwa wenzake, akiwa mgonjwa namtibu huko huko. Si maringo, mshauri. Mwaka jana niliingiza wageni bila karantini, wakaja na ule ugonjwa wa madoa meupe kama chumvi, nikatia dawa, dawa ikawaua kamba wadogo wote na konokono, majani yakaoza mpaka mizizi, nikabaki na tangi linalonuka, na nililia kama nimefiwa.

Familia hii ina desturi yake, kazi ya bomba ni ya Mteremko na hakuna fundi mwingine anayeruhusiwa hata kukaza koki ya bafuni, kumwita mwingine ni tusi, basi nikamwita mwenyewe, nikamchorea mpango wote kwa chaki ukutani, akapima, akauliza maswali ya maana, akanisifu hata, mpaka nikafika kwenye tangi la sita. Akashusha futi yake ya kupimia.

"Hili kwa nini liko peke yake?"

"Hilo la karantini, shemeji. La wageni na wagonjwa, wasije wakaambukiza wenzao."

Akaliangalia tangi, akaangalia ukuta, halafu akasema, "Sawa." Mimi nikajua sawa ni sawa.

Kesho yake nikapeleka majani kwa mteja, narudi, nakuta kazi imekwisha, gundi imeshakauka, maji yanazunguka kwa majaribio, na matangi yote sita yako kwenye bomba moja! Yote, mshauri! Koki hata moja hakuna, na kile kikaratasi changu nilichokibandika kwenye tangi la sita, nimeandika kwa herufi kubwa KARANTINI USICHANGANYE, kimebanduliwa kimebandikwa kwenye pipa la taka.

Nikamuuliza, "Shemeji, hii nini?"

"Bomba."

"Na koki ziko wapi?"

"Koki za nini? Koki ni za watu wasioaminiana."

"Na tangi la karantini?"

Akasema, tena kwa utulivu ule unaokera, "Katika nyumba hii hatengwi mtu tena."

Mtu! Nikamwambia shemeji, hao ni samaki! Samaki! Ana mapezi! Akanijibu eti amesikia, halafu akaanza kukusanya vifaa vyake kama mtu aliyemaliza kazi nzuri. Hapo damu ikanipanda, nikachukua msumeno wake mwenyewe, nikakata bomba mbele ya macho yake, na kwa kuwa pampu ilikuwa inafanya kazi maji yakatoka kama mvua, yakajaza viatu vyake, yakaingia jikoni, yakafika chini ya jokofu, na yeye aliniangalia tu, akatoka nje na soksi zinachuruzika.

Tangu siku hiyo hali chakula changu. Anakula huko huko anakofanyia kazi, akitaka kusema na mimi anawatuma watoto, "mwambieni mama yenu taa ya nje imeungua," na mimi nimesimama hapo hapo! Amemwambia mume wangu kwamba mwisho wa mwezi anahama. Na mume wangu, badala ya kumwambia kaka yake ukweli, ananiambia mimi nimwombe radhi na nimwache aunganishe anavyotaka, eti bomba ni bomba tu, ndugu hapatikani dukani. Nikamuuliza, na samaki wangu wakifa? Akawasha televisheni.

Kinachoniunguza roho ni kwamba huyu mtu nimemuuguza mimi. Alikuja kwetu mwaka juzi akiwa na kifua kikuu, mifupa mitupu, mkewe ameshaondoka zake, nani alimpikia uji? Mimi. Nani alimhesabia vidonge? Mimi. Nilimtengea sahani yake, kijiko chake na kikombe chake chekundu, nikaviwekea rafu yake karibu na mlango wa nyuma, na mpaka leo viko pale pale, naviosha peke yake kwa maji ya moto, sijawahi kuchanganya hata siku moja, na watoto nimewafundisha vizuri, juzi binti yangu mdogo alimwona mgeni anataka kuchukua kile kikombe akamwambia, "Hicho cha baba mkubwa, usiguse," nikafurahi kuona mtoto ana akili. Na tangi la karantini nililiweka chini ya rafu hiyo hiyo, maana upande ule tayari ni wa vitu visivyochanganywa, nisisumbuke kukumbuka. Sasa daktari alishasema amepona, amenenepa, anabeba bomba la chuma begani kama ufagio, na shukrani yake ndiyo hii, kuniharibia kazi!

Samaki wangu wageni wanafika Jumamosi, wametoka mbali, siwezi kuwarudisha. Nimempata fundi mwingine, kijana mwelewa, anasema akipewa asubuhi moja anafumua yote na kuweka koki zangu kama nilivyochora, na shemeji asubuhi hayupo. Je, nimwingize huyo fundi kimya kimya, shemeji arudi akute imekwisha kama alivyonifanyia mimi? Au nikubali bomba moja, samaki wafe, nyumba ipone? Maana akihama nitaambiwa mimi ndiye niliyemfukuza, na Mungu ananiona, sikumfukuza.

Ni mimi, Niliyekata Bomba.

MSHAURI ANAJIBU

Wewe Uliyekata Bomba,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa upande wako kiasi cha kupiga meza. Mara ya pili nilipiga meza tena, na safari hii si kwa ajili yako.

Tuanze na samaki, kwa sababu kwa samaki huna kosa. Mimi samaki nawajua wakiwa kwenye sufuria, basi nilikwenda kumuuliza bwana anayetunza tangi pale ninapong'olewa meno. Nilipomweleza bomba moja matangi sita bila koki, alishika kichwa. Anasema mpango wako ni sahihi kabisa. Mgonjwa mmoja kwenye maji ya pamoja amewaambukiza wote, na dawa ya mmoja inakuwa sumu ya wote. Kwa hiyo bomba lifumuliwe. Koki ziwekwe kila tangi, kuingia na kutoka. La sita libaki na maji yake, ndoo yake na wavu wake. Na kuna kitu hukukiandika, sijui kama umekifikiria: umeme ukikatika pampu inasimama na maji yaliyoko juu yanarudi chini. Tangi la chujio lisijazwe mpaka ukingoni, liachiwe nafasi ya kuyapokea. Kabla hujatia samaki hata mmoja, zima pampu kwa makusudi, simama hapo na uangalie. Jikoni kwako kumeshaoga mara moja, inatosha.

Shemeji yako naye asidhani amepona mikononi mwangu. Mtu mzima, fundi, anageuza kazi ya mwenzake kuwa uwanja wa kutolea dukuduku! Anajua koki ni nini kuliko wewe na mimi. Fundi anaweza kusahau koki moja. Hasahau koki zote, halafu akabandua karatasi na kuibandika kwenye pipa la taka. Yule alikuwa anasema na wewe, mama, ila alisema kwa gundi badala ya mdomo, na huo ni utoto. Kama alikuwa na neno angekaa kitako akalitoa.

Sasa njoo huku, tuongee mimi na wewe.

Alikuambia, "Hatengwi mtu tena." Umeyaandika maneno hayo kwa mkono wako, ukayacheka. Samaki ana mapezi! Ukaona amerukwa na akili. Hujajiuliza hiyo "tena" imetoka wapi? Mtu hasemi tena kwa jambo ambalo halijawahi kutokea. Nani alitengwa nyumbani kwako mara ya kwanza? Nyani haoni kundule, lakini wewe umeliandika lote kwenye barua, ukalitia na sahihi, na bado hukuliona.

Kile kikombe chekundu kinafanya nini mpaka leo kwenye rafu ya mlango wa nyuma?

Usiniambie ulimuuguza. Najua ulimuuguza, na kwa hilo Mungu atakulipa, mimi siwezi. Wengine wangemfungia mlango. Lakini daktari alisema amepona, wewe mwenyewe umeandika amepona, amenenepa, anabeba bomba la chuma. Na hata alipokuwa mgonjwa, kifua kikuu kinapita kwenye hewa mtu akikohoa, hakipandi kwenye kijiko. Haya, tuseme hukujua, uliogopa, una watoto wadogo, ndiyo uzazi. Hofu ya siku zile nakusamehe. Ya leo je? Leo unachemsha maji ya kuoshea sahani ya mtu mzima wa afya, unaiosha peke yake, unairudisha peke yake, na yeye anakuona. Kila asubuhi familia inachukua kikombe chochote kilicho karibu, na yeye anatembea mpaka mlango wa nyuma kuchukua chake, bila kuambiwa, kwa sababu ameshafunzwa. Na mtoto naye ameshafunzwa. "Hicho cha baba mkubwa, usiguse." Mbele ya mgeni! Wewe ukafurahi kwamba mtoto ana akili. Mimi niliposoma hapo nilitaka kuipasua barua.

Halafu, mwanamke mwenye nafasi ya kuweka tangi popote, ukalichukua tangi la wagonjwa ukaliweka chini ya rafu yake, ukaandika kwa herufi kubwa usichanganye, ukamwita yeye, yeye mwenyewe, aje alitobolee ukuta limwage maji yake nje. Ukamweleza kwa mdomo wako: la wageni na wagonjwa, wasiambukize wenzao. Akaangalia tangi, akaangalia ukuta. Alikuwa anaangalia nini ukutani, mama? Chaki yako? Alikuwa anaangalia kikombe chake.

Wewe una utaratibu mzuri sana wa samaki. Mgeni anaingia karantini, anakaa wiki zake, ukimwona mzima unamtoa unampeleka kwa wenzake. Hata samaki wako ana siku ya kutoka. Shemeji yako ulimpangia lini?

Na mumeo! Mpelekee gazeti hili alisome, akiwasha televisheni izime. Bwana, wewe ni ndugu wa tumbo moja na huyu mtu. Umemwona kaka yako akila kwenye sahani ya pembeni tangu alipopona, ukanyamaza, kwa kuwa hukutaka maneno na mkeo. Leo bomba limepasuka ndipo unakumbuka kwamba ndugu hapatikani dukani. Ulikuwa wapi? Unamtaka mkeo aombe radhi kwa bomba, na bomba ndilo jambo pekee ambalo ana haki nalo. Aibu ni yenu wawili.

Umeniuliza kuhusu yule fundi kijana. Jibu ni hapana. Usimwingize, si kimya kimya, si kwa kelele. Shemeji yako ameshakuwa na sahani yake na rafu yake, sasa umwondolee na kazi ya mikono yake ndani ya nyumba anayolala? Ukifanya hivyo hatangoja mwisho wa mwezi, na safari hiyo kweli utakuwa umemfukuza, hata ukimwita Mungu awe shahidi. Na jibu la pili pia ni hapana. Usikubali bomba moja ili kununua amani. Samaki watakufa, utamchukia, na rafu itakuwa bado ipo pale pale.

Fanya hivi, na ufanye kabla ya Jumamosi. Ng'oa ile rafu. Usiihamishe, ing'oe, na matundu ya misumari uyazibe. Sahani na kijiko viingie kabatini na vyenzake, uvichanganye mpaka wewe mwenyewe ushindwe kuvitambua. Binti yako mdogo mweke karibu na umwambie wewe ulikosea, baba mkubwa si mgonjwa, vyombo vya nyumba hii ni vya wote. Mwambie kwa maneno hayo hayo, usizunguke, mtoto anaelewa haraka kuliko wewe.

Kisha msubiri shemeji yako arudi kazini. Usimtaje samaki. Usitaje koki. Mwambie, "Shemeji, kile kikombe nilipaswa kukiondoa siku ile uliyotoka kwa daktari. Nisamehe." Basi. Akinyamaza, nyamaza naye. Akikutolea maneno, yapokee, umeyachelewesha mwenyewe. Siku nyingine, akiwa amekula chakula chako, ndipo uchukue chaki umwombe aje afumue lile bomba na kukuwekea koki zako, na umwombe yeye kwa sababu hakuna anayeijua kazi ile kumzidi. Atakuja. Fundi hawezi kulala na bomba lililokatwa na mtu mwingine vibaya, na la kwako najua ulilikata vibaya. Wageni wakifika kabla hajamaliza, pampu iache imezimwa na tangi la sita ulitumie kwa ndoo na mpira kama ulivyozoea, mgongo utavumilia siku chache.

Na jioni hiyo ya kwanza chemsha chai. Mtume yule yule binti ampelekee baba yake mkubwa, kwenye kikombe unachokitumia wewe kila siku. Kile chekundu usikitupe. Jimiminie humo, ukae mahali watoto wote wanakuona, na uinywe yote.